Sindano Nne za Kuotesha Mishipa

Jumatatu, 2 Juni

Presha 150 kwa 95. Sukari 9. Uji wa ulezi kikombe kimoja, nusu ameinywa, nusu imeishia kwenye shati. Nimembadilisha. Nimenyoosha vidole vya mkono wa kulia kimoja kimoja, mara kumi, kupumzika, mara kumi tena. Nikiviachia vinajikunja vyenyewe kama majani yaliyopata jua kali.

Tumetembea mpaka bombani na kurudi. Mguu wa kulia unaburuta. Mama yake, mayu, ametutazama toka kwenye kigoda.

Leo miezi miwili kamili tangu kiharusi.

Mume wangu alikuwa broka wa dhahabu Nyarugusu kwa miaka kumi na tisa. Hakuwa na mashine. Alikuwa anaweka punje kiganjani, anaigeuza juani, anakwambia imetoka shimo la nani na imechanganywa na nini. Hakukosea. Sasa mkono umelala, mdomo umelala. Neno limebaki moja tu: "haya". Haya ya njaa, haya ya hasira, haya ya kutaka kwenda chooni. Naijua ipi ni ipi kwa kumtazama machoni. Macho ndiyo Baba Kabula aliyebaki.

Saa mbili nimeshavaa sare ya uuguzi na kuingia kazini. Zahanati imejaa watoto wa kliniki.

Alhamisi, 5 Juni

Kahama, hospitalini. Tumetoka Bugarama na basi la kwanza. Daktari ni kijana, anaongea taratibu, ana heshima. Nilimuuliza waziwazi: atarudi au ndiyo basi?

Akachora duara kwenye karatasi. Katikati akaweka wino mweusi. Akasema hapa damu iliganda, hapa pamekufa, hapatafufuka. Kisha akachora pembeni yake. Akasema hapa pembeni hapajafa, pana njaa tu. Ubongo wenyewe unajitahidi kuotesha vimishipa vipya vya kupeleka damu hapo. Vikishika, mgonjwa anarudisha kitu: kidole, neno, hatua.

Sikuwahi kufundishwa hivyo chuoni. Tulifundishwa kuwa kilichokufa kimekufa.

Nikauliza kama kuna dawa ya kuharakisha. "Bado, dada. Watu wanatafuta dunia nzima. Shida ni kwamba mshipa mpya ni mwembamba, unavuja kirahisi. Mtembeze, shusha presha, shusha sukari. Hiyo ndiyo dawa." Kisha akaandika barua ya kwenda Mwanza kupimwa macho, maana kisukari ana nacho miaka kumi na moja na hajawahi kupimwa.

Barua nimeiweka kwenye faili. Mwanza ni mbali. Tutaenda akipata nguvu.

Njia nzima nimekuwa nawaza vile vimishipa. Vinaota. Sasa hivi, ndani ya kichwa kile kilichoniegemea begani, vinaota.

Jumapili, 8 Juni

Shija amekuja baada ya ibada. Ni mdogo wake Baba Kabula, ana duka la vipuri Kahama. Hakukaa hata dakika tano kabla ya kulitoa la moyoni. Kuna mtaalamu amefika mjini, anaitwa Fikiri. Ana sindano za kuotesha mishipa ya damu kichwani. Sita, moja kila wiki. Watu wanainuka.

Nimeshtuka. Siyo kwa sababu ni uongo. Kwa sababu ni maneno yale yale ya daktari.

Nikamwambia dawa hiyo haipo. Akasema, "Shemeji, haipo hospitalini. Vitu vingapi havipo hospitalini?"

Baba Kabula alikuwa anatusikiliza. Sijui alielewa kiasi gani.

Jumanne, 10 Juni

Presha 160 kwa 100. Ameanguka akitoka chooni. Hakuumia. Alilia. Sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika baba yake.

Namchukia Shija kwa kunitia lile neno kichwani.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda. Nilijiambia naenda kuangalia tu.

Chumba kipo nyuma ya gesti, karibu na stendi. Kisafi. Ukutani picha ya ubongo wenye mishipa myekundu kama mizizi ya mti. Fikiri ana koti jeupe lililopigwa pasi vizuri na sauti ya mchungaji. Alipojua mimi ni muuguzi alifurahi, akaanza kuniita mwenzetu.

Nimeishika chupa. Hakuna namba ya toleo. Hakuna tarehe ya kuisha. Maandishi siwezi kuyasoma. Katika kazi yangu nimeshakataa chupa nyingi zenye kasoro ndogo kuliko hiyo. Nikamuuliza kuna nini ndani. "Vichocheo vya ukuaji." Mgonjwa wa kisukari je? "Hana shida kabisa."

Hakuniangalia aliposema hivyo. Niliona. Naandika hapa kwamba niliona.

Kilichonimaliza ni watu waliokuwa wakisubiri benchini. Mama Rehema na mumewe, Mzee Hamisi, wametoka Nyarugusu. Mzee alikuwa mchimbaji, kiharusi kilimpata mwezi wa tatu, naye upande wa kulia. Amechomwa sindano mbili, leo alikuwa anasubiri ya tatu. Alichukua kikombe cha chai kwa mkono wa kulia, akanywa, akakirudisha mezani. Hakumwaga. Mama Rehema akanitazama kwa fahari kana kwamba amejifungua mtoto.

Tukapeana namba za simu.

Fikiri amenipa chupa nne niende nazo, maana mimi ni mwenzao. Zilizobaki nitazifuata baadaye. Shija amelipa.

Jumatatu, 16 Juni

Zinatakiwa baridi. Nyumbani hatuna friji. Nimeziweka zahanati, kwenye friji ya chanjo, nyuma ya chanjo za surua. Ufunguo ninao mimi.

Mchana nilirudi nyumbani nikamchoma ya kwanza, bega la kushoto. Akaniuliza kwa macho. Nikamwambia ni vitamini.

Miaka ishirini na mbili ya ndoa. Sijui kwa nini sikumwambia. Ninajua. Angekataa. Yeye hakununua kitu asichokijua kilikotoka.

Jumatatu, 23 Juni

Ya pili. Presha 145 kwa 90. Asubuhi kidole gumba cha kulia kimesogea. Nilidhani ni mimi niliyemgusa. Nikaondoa mkono. Kikasogea tena.

Mayu amepiga vigelegele mpaka majirani wakaja.

Ijumaa, 27 Juni

Leo ameniita Minza.

Nilikuwa naanika nguo. Nikasikia nyuma yangu, taratibu, kama mtu anayebeba kitu kizito: "Mi-nza." Tangu Kabula azaliwe hajaniita hivyo, mimi ni Mama Kabula. Jina la usichana wangu ndilo lililorudi la kwanza.

Nimekaa chini kwenye beseni la maji. Nimelia. Kisha nikampigia Kabula chuoni Shinyanga, tukalia wote.

Shija naye amepiga. "Nilikwambia, shemeji."

Furaha ipo. Ila sikumwambia Shija kuwa kaka yake anadhani ni vitamini.

Jumatatu, 30 Juni

Ya tatu. Amepiga hatua sitini bila kushikwa. Mganga mfawidhi, mkuu wetu wa zahanati, aliniuliza mbona siku hizi friji naifungua mara kwa mara. Nikasema naangalia joto. Ni kaka mwema, ameamini.

Nimekuwa mwongo mzuri.

Alhamisi, 3 Julai

Baba Kabula anafukuza nzi. Kutwa nzima anapunga mkono wa kushoto mbele ya uso. Nimefunga mlango, nimepuliza dawa, nimefagia. Hakuna nzi. Bado anapunga.

Mara mbili ameushika mkono wangu akauweka kwenye jicho lake la kushoto. "Haya. Haya." Nimemwosha kwa maji yaliyochemshwa. Jicho ni jeupe, safi. Halina kitu.

Akaniangalia kwa hasira. Sikuielewa haya hiyo. Ni ya kwanza kunishinda.

Jumapili, 6 Julai

Nzi bado wapo.

Mayu anasema si nzi. Anasema ni masamva, mizimu ya ukoo imemjia, inapita mbele yake na yeye anaiona. Anataka tuite mtu wa kutambika. Nikamwambia, mayu, ni ubongo unapona, unacheza. Akatikisa kichwa. "Ng'wanone, mtu hafukuzi kitu ambacho hakipo."

Mwanangu, ameniita. Ana miaka themanini, hajui kusoma, na anasema kwa uhakika kuliko mimi.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Sikukuu, zahanati kimya, mlinzi peke yake. Nimechukua chupa bila kuonwa na mtu.

Ya nne. Presha ilikuwa 170 kwa 100. Nilijua kuwa kwa presha hiyo nisingemchoma mgonjwa wa mtu mwingine. Nilisubiri nusu saa, nikapima, 165. Nikachoma.

Chakula cha mchana ameunyoosha mkono kuchukua kikombe, akashika hewa. Kikombe kilikuwa upande mwingine. Mayu akacheka, akadhani anatania. Akanyoosha tena. Hewa.

Jumatano, 9 Julai

Mama Rehema amepiga simu nikiwa kazini, katikati ya foleni ya akina mama. Mzee Hamisi amefariki jana. Kichwa kilimuuma tangu asubuhi, akatapika, akalala, hakuamka. Hospitalini wamemwambia damu ilimwagika kichwani. Alikuwa amechomwa ya sita Jumamosi.

Nikampa pole. Akasema ni mipango ya Mungu, alau mzee alikufa akiweza kushika kikombe. Kisha akaniuliza, "Wa kwako anaendeleaje? Usimkatishie njiani, dada. Sisi tulimaliza zote."

Nilisema asante.

Mtoto aliyekuwa mezani kwangu alilia, mama yake akaniuliza kama nimemaliza. Nilikuwa sijaanza.

Nimepima presha ya Baba Kabula mara tano leo. 160. 165. 160. 170. 160.

Alhamisi, 10 Julai

Nimemkalisha mlangoni penye mwanga. Nimeziba jicho la kulia kwa kiganja changu. Nikainua kalamu. Hakuitazama. Nikainua kijiko, nikakipeleka karibu mpaka kikamgusa kope. Ndipo aliposhtuka.

Jicho la kushoto halioni.

Nikaziba la kushoto. Akaifuata kalamu, lakini kwa kuchelewa, akipunga vile vile.

Siyo nzi. Siyo masamva. Alikuwa ananiambia kwa siku nane, kwa neno lake lile lile, haya, akinishikisha jicho kwa mkono wangu mwenyewe. Na mimi nilikuwa namwosha uso.

Jumatatu, 14 Julai

Mwanza, hospitali kubwa. Shija ametuendesha. Barua ya mwezi uliopita nimeitoa kwenye faili, imekunjika pembeni.

Daktari wa macho ni mama wa makamo, maneno machache. Alimulika muda mrefu. Kisha akatoa kiti akakaa usawa wa Baba Kabula, akamwambia yeye, siyo mimi. Nyuma ya jicho, kwenye lile pazia linalopokea picha, imeota mishipa mipya isiyotakiwa. Ni dhaifu. Katika jicho la kushoto imepasuka, damu imejaa ndani. Zile alama nyeusi zilizokuwa zinapita ni matone ya damu. Kwenye jicho la kulia pia imeota, imeanza kuvuja kidogo.

Nikamwomba nizungumze naye nje. Nikamwambia yote. Ni mara ya kwanza kuyatamka. Yalikuwa mafupi kuliko nilivyodhani.

"Mishipa hii haioti kwa wiki nne," akasema. "Kisukari kimeifanya kazi hiyo kwa miaka."

"Na sindano?"

"Kama kwenye chupa kuna anachosema huyo Fikiri, umemwaga petroli kwenye moto uliokuwa unafuka. Kama ni maji, basi ni kisukari na presha tu. Mimi sijui. Wewe unajua?"

"Sijui."

"Ulimchoma usichokijua."

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Nikamwambia lakini alianza kusema, kidole kilisogea. Akanijibu kuwa wagonjwa wengi hurudi hivyo mwezi wa tatu tangu kiharusi, bila sindano yoyote, kwa kutembezwa na kunyooshwa vidole. Inawezekana ni ile kazi yangu ya kila asubuhi. Haitajulikana.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Labda nilikuwa namponya, na sikuamini mikono yangu.

Jumanne, 15 Julai

Jicho la kulia limepigwa miale ya mwanga mkali ili kuikausha mishipa. Kuna dawa pia ya kuchoma ndani ya jicho, ya kuizuia isiote. Nilidhani sikusikia vizuri. Wengine wanatafuta dawa ya kuiotesha, wengine wana dawa ya kuizuia, na mishipa ni ile ile, inategemea imeota wapi. Lakini madaktari wameogopa kumpa mtu aliyetoka kupata kiharusi. Watasubiri. Jicho la kushoto litasubiri pia, labda damu itajisafisha, labda litapasuliwa, labda basi.

Aliumia wakati wa miale. Alikishika kitambaa cha nguo yangu mpaka kikachanika.

Shija alikuwa koridoni, ameinamisha kichwa. Nimemweleza alichosema daktari. Akageuza funguo za gari mkononi. Kisha: "Shemeji, mimi nauza vipuri. Ungesema hapana, ningekusikia. Muuguzi ni wewe."

Kweli tupu.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeshinda na ufunguo wa friji mfukoni. Chupa nilichukua nne na nne nimezitumia, lakini zile tupu sikuzitupa, nilizificha nyuma ya friji kwenye boksi la glavu. Ya mwisho ina kitu chini, kama robo ya kijiko. Daktari wa Mwanza alisema niipeleke popote itakapopimwa.

Saa sita nilikuwa nimesimama mbele ya kichomea taka na lile boksi. Moto ulikuwa unawaka. Hakuna aliyeniona. Chupa nne, dakika mbili, na kila kitu kinabaki kuwa kisukari. Hata daktari amesema inawezekana ni kisukari. Nisingekuwa natunga uongo mpya.

Nilimfikiria Mzee Hamisi. Halafu nikafikiria lile benchi. Kuna watu wamekalia lile benchi leo.

Nimekwenda moja kwa moja kwa mganga mfawidhi, nikaweka boksi mezani kwake. Nilipomaliza kueleza aliniuliza swali moja tu: chanjo za watoto zilikuwa humo humo? Nikasema ndiyo. Akaufunika uso kwa mikono miwili.

Ijumaa, 18 Julai

Kahama, na watu wawili wa ofisi ya mganga mkuu wa wilaya na askari mmoja. Mimi ndiye niliyewaonyesha njia.

Chumba kimefagiwa. Picha imeondolewa ukutani, limebaki doa jeupe la mraba. Mwenye gesti anasema aliondoka Jumapili, na begi dogo, hakuaga. Jina la Fikiri halipo kwenye kitabu chake. Kuna jina jingine.

Nje kwenye benchi alikuwa amekaa mama mmoja na mumewe. Mume ameegemea ukuta, mdomo umepinda, mkono wa kulia mapajani. Wametoka mbali, wameambiwa wiki hii ni zamu yao ya kwanza. Mama akaniuliza mimi, kwa sababu nilikuwa mwanamke: "Dada, mtaalamu anarudi lini?"

Nikakaa pembeni yao. Nimewaeleza. Hakuniamini. Alinitazama kama mtu niliyemnyang'anya kitu, akauliza amehamia mji gani.

Atamtafuta. Najua atamtafuta. Mimi ningemtafuta.

Jumatatu, 21 Julai

Barua imekuja. Nimesimamishwa kazi mpaka uchunguzi utakapokamilika. Chanjo zote zilizokuwa kwenye friji zimetolewa, akina mama wameambiwa waje wiki ijayo. Wengine walitembea kutwa. Wameambiwa kwa nini? Sijauliza.

Chupa zimepelekwa Dar kupimwa. Majibu hayana siku.

Mayu hajui kilichotokea ila anajua kimetokea. Amenipikia ugali na mlenda, amekaa nami mpaka nilipomaliza.

Jumanne, 22 Julai

Nimempigia Mama Rehema. Ilikuwa lazima asikie kwangu kabla askari hawajafika kwake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilisikia jogoo wa kwao, na mtu anatwanga. Kisha akauliza, "Kwa hiyo nilimpeleka mwenyewe? Kwa miguu yangu?"

Nikamwambia hakuna anayejua kilichokuwa ndani. Ni kweli, na hilo halikumsaidia kitu. Akasema, "Siku ile uliponipa pole, ulikuwa unajua?"

Nikasema nilikuwa nashuku.

Akakata simu.

Alhamisi, 24 Julai

Presha 140 kwa 85. Sukari 7. Sasa niko nyumbani kutwa, namfuatilia kila kidonge, kila tonge. Hatua tisini. Ameongeza maneno mawili: "maji" na "acha".

Shija ameleta kitanda cha mbao chenye mahali pa kushikia. Hakuingia ndani.

Jumamosi, 26 Julai

Nimemwambia.

Nilimkalisha uani baada ya chai, nikakaa mbele ya jicho lake la kulia ili anione. Nikasema zile hazikuwa vitamini. Nikasema nilikozitoa, nilivyoiona chupa haina namba, nilivyoona Fikiri hakuniangalia, nilivyopima 170 nikachoma. Nikasema habari za Mzee Hamisi. Nikasema barua ya macho ilikaa kwenye faili wiki tano. Nimesimamishwa kazi, nikasema. Sikusema "nilifanya kwa ajili yako". Lilikuwa mdomoni, nikalimeza.

Hakusema haya. Hakusema acha. Jicho lilikuwa juu yangu muda wote, lile lile lililokuwa linasoma punje ya dhahabu, na kwa mara ya kwanza nilijua wale waliochanganya shaba walijisikiaje mbele yake.

Kisha akaugeuza uso ukutani. Chakula cha mchana amekataa kwangu, amelishwa na mayu. Jioni vilevile.

Jumapili, 27 Julai

Mayu amekwenda kanisani na majirani. Tumebaki wawili.

Presha 140 kwa 90. Amekubali mkono ufungwe kipimo. Vidole amekubali, mara kumi, mara kumi. Hakuniangalia.

Saa nne hivi nikamsikia anagonga meza. Mbele yake kulikuwa na sabuni, kikombe cha maji na wembe. Ameviokota mwenyewe kutoka dirishani, sijui kwa safari ngapi, maji yamemwagika njia nzima. Ndevu zimekuwa ndefu, wiki mbili hazijaguswa. Akainua kidevu.

Nikasema nitamwita Shija amnyoe. Akabaki vile vile, kidevu juu, shingo wazi. Anangoja.

Nimemnyoa. Taratibu, shavu la kulia, la kushoto, chini ya taya. Hakufumba jicho hata mara moja. Liliufuata wembe tangu mwanzo mpaka mwisho.

Nilipomaliza nikampa kioo. Akajitazama. Akanirudishia mkononi.